Ukitoa gari sadaka, toa na kadi

Huku kwetu Mbeya watu wanatoa, hilo halina ubishi. Mtu akishapata Prado, ile Noah ya zamani anaipeleka kanisani, au kituo cha watoto huko Rungwe, au zahanati kule Makete ambako mvua ikinyesha barabara inakuwa utelezi mtupu na mgonjwa anasubiri. Vigelegele vinapigwa, mchungaji anaziombea funguo, picha zinarushwa kwenye group la usharika. Halafu kadi ya gari inarudi kukaa kabatini kwa yule aliyetoa, na hapo ndo pananiuma mimi.

Kwenye ukoo wetu kuna mzee alitoa pickup kwa kituo kimoja cha yatima, alitoa kwa moyo kabisa, hata matairi alibadilisha kwanza. Miaka ikaenda mzee akafariki, msimamizi wa mirathi alipoanza kuorodhesha mali akakuta kadi ina jina la marehemu, sasa kwenye karatasi hilo ni gari la marehemu na watoto wana haki ya kuliulizia. Wengine wanaishi Dar, siku ya makabidhiano hawakuwepo, siwalaumu kwa sababu wao walichokiona ni kadi. Ila yule mama mlezi wa kituo aliitwa kwenye kikao cha ukoo, mama mtu mzima, anaulizwa gari la baba amelipataje. Akajibu taratibu tu, "Wanangu, mimi nilijua tumepewa." Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Bahati nzuri familia ilikubali liendelee kubaki kituoni, lakini kubadilisha jina ikabidi kupitia kwa msimamizi na makaratasi ya mahakama, kazi ambayo mzee angeimaliza mwenyewe akiwa hai kwa sahihi yake tu.

Na hata kama hajafa mtu, kuna faini. Namba ya gari Tanzania haibadiliki kwa sababu gari limebadilisha mwenyewe, T ile na herufi zake zinaenda na gari popote, na faini ya barabarani inaandikwa kwa namba hiyo. Dereva wa kituo akipigwa tochi ya mwendo kasi pale Igawa au Makambako deni linakaa kwenye gari ambalo kwenye kumbukumbu bado ni la kwako. Faini ni kitu kidogo, gari likigonga mtu polisi wakitafuta mmiliki jina watakalokutana nalo ni lako, wewe uko zako shamba Uyole unapanda viazi hujui hata gari limelala wapi.

Kwa hiyo ukitaka kutoa, andikisha hati ya zawadi kwa wakili, ieleze nani anatoa, nani anapokea, gari gani, namba ya chasesi na ya injini, na iseme wazi kwamba ni zawadi na sio mauzo wala kuazimisha. Kama una mwenza akae hapo na yeye asaini, na watoto wakubwa wajue mapema, hili nalisisitiza kwa sababu ya yale niliyoyaona. Baada ya hapo ni TRA, wale wa mamlaka ya mapato, kuhamisha umiliki, mtoaji ana TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na mpokeaji ana TIN yake, kadi orijino inatakiwa, na usidhani kwa kuwa ni sadaka basi kila kitu bure, kuna gharama za uhamisho na za kadi mpya, kubalianeni mapema nani analipa. Mimi naona anayetoa alipe, kituo cha yatima hela hiyo ni unga.

Sasa jina linaloingia kwenye kadi, hapa watu wengi hawapaangalii. Gari la kanisa likiandikwa jina la mchungaji ni gari la mchungaji, hata awe mtakatifu namna gani, akihamishwa kituo au akifariki mnarudi kule kule kwenye mirathi. Liandikwe jina la taasisi yenyewe, kama wana bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, basi jina la bodi hiyo, kama ni NGO jina lile lile lililopo kwenye cheti chao cha usajili. Wakikwambia "andika tu jina la katibu tutabadilisha baadae", subiri wakamilishe usajili kwanza, funguo kaa nazo.

Kabla ya yote hayo fungua boneti. Magari yetu haya ya zamani mengi yameshabadilishwa injini, milima ya huku inakula injini, na namba iliyoko kwenye kadi sio iliyoko kwenye gari, hiyo irekebishwe kwanza. Hata rangi, kama lilikuwa jeupe ukapaka bluu kadi inatakiwa iseme bluu. Kama lilikuwa la biashara na plate nyeupe, nalo lishughulikiwe libadilishwe matumizi. Na kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, zile za miradi na misheni, usiligawe kabla hujauliza TRA, maana msamaha ulikuwa wa yule aliyepewa na kodi inaweza kuamka. Faini angalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, zote zilipwe na wewe uliyekuwa unaendesha. Kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, hapo bado huna gari la kutoa, maliza deni kwanza.

Haya yote yafanyike kabla ya ile Jumapili ya makabidhiano, ili siku hiyo mchungaji aombee funguo na kadi mpya yenye jina la kituo iwe mezani. Wewe omba kopi ya hiyo kadi uiweke pamoja na hati ya zawadi sehemu ambayo watoto wako wanaijua, na wale watu wa bima waambie gari limeshatoka kwako ili kituo kikate bima yao kwa jina lao kabla halijaingia barabarani.