Daftari la matusi: nilivyopambana na matroli (watu wanaotukana wenzao mtandaoni) mpaka kesi ikafunguliwa

Naandika hii kwa kirefu maana kila wiki inboksi inaingia kutoka kwa mtu anayetukanwa mtandaoni anauliza dada wewe ulifanyaje, na kumjibu mmoja mmoja sasa nimeshindwa, kwahiyo nimeona niweke yote hapa.

Mwanangu ana miaka tisa na ana usonji. Nimekuwa naandika kuhusu kumlea kwa muda mrefu tu, vitu vya kawaida, jinsi ya kumzoesha kelele, jinsi ya kumtuliza akilemewa, mambo ya shule. Siku moja nikaandika kwamba mtoto mwenye usonji akiwa amelemewa ukimchapa humfundishi kitu, kwasababu pale kichwa chake kimejaa hata sauti yako haimfikii, na anachobaki nacho ni kuogopa mkono wako. Basi. Posti ile ikasambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Siku mbili za kwanza ilikuwa ubishi, na ubishi mimi sina shida nao, kuna baba mmoja alinipinga vikali na mpaka leo hatujakubaliana na namheshimu sana. Siku ya tatu ndio wakaja wale wengine. Mama gani wewe umezaa zezeta halafu unataka kufundisha watu kulea. Mara wakachukua picha ya mwanangu aliyokuwa anacheka, wakaiwekea maneno, wakatengeneza stika, zile stika zikazunguka kwenye magrupu ya watu nisiowajua mpaka zikarudi kwangu kupitia mdogo wangu ambaye alitumiwa na mtu asiyejua kama yule ni mtoto wa dada yake. Jamani siku ile nilikaa chini sakafuni.

Kosa langu la kwanza, nilijibu. Nilijibu wote, nakaa na simu mpaka saa tisa usiku naandika maelezo marefu kwa mtu ambaye hata hayasomi, na nilivyokuwa najibu ndivyo posti ilivyozidi kupanda maana mitambo ya hii mitandao inapenda posti yenye majibizano, inawapelekea watu wengi zaidi, kwahiyo moto nilikuwa nauchochea mwenyewe. Wiki nzima mtoto akawa ananiona nimeshika simu nalia.

Shoga yangu mmoja akaja nyumbani akasema nipe simu. Akachukua na neno la siri. Kuanzia siku ile yeye ndio akawa anasoma, mimi sisomi, na hiki ndio kitu cha kwanza namwambia kila anayeniuliza, tafuta mtu mmoja unayemwamini akusomee, kwasababu yale maneno kwa mtu mwingine ni maneno tu lakini kwako wewe kila moja linaingia.

Yeye ndiye aliyeleta wazo la daftari. Daftari la kawaida la shule. Kila tusi linaandikwa tarehe, saa, jina la akaunti, linki, na maneno yenyewe kama yalivyo bila kusahihisha hata herufi. Halafu skrinishoti inayoonyesha jina na tarehe, inahifadhiwa sehemu mbili. Na hapa naomba mnielewe vizuri, haya yote yanafanyika KABLA ya kubloki, watu wengi wanabloki kwanza kwa hasira halafu wakija kutaka ushahidi akaunti hawaioni tena au jamaa ameshafuta kila kitu.

Akatumia kalamu tatu. Bluu ni matusi ya mara moja, mtu katukana kapita zake. Nyeusi ni yule anayerudi rudi, leo yupo kesho yupo. Nyekundu ni vitisho au mtu kutoa taarifa zetu za ndani. Baada ya kama miezi miwili tukahesabu, maandishi yalikuwa zaidi ya 140, na nyekundu zilikuwa sita tu. Sita. Nilikuwa natembea naona dunia nzima inataka kunidhuru kumbe kilichokuwa hatari kweli kilikuwa kinaenea ukurasa mmoja.

Kuna kitu kingine daftari lilitufungua macho. Kwenye zile nyeusi kuna mtu alikuwa anaandika "akiri" badala ya akili, na kabla ya alama ya kuuliza anaacha nafasi, kila mara. Tukapitia ukurasa kwa ukurasa, akaunti 11 zenye majina tofauti na picha tofauti zote zina "akiri" na ile nafasi. Mtu mmoja! Mtu mmoja amekaa anabadilisha akaunti anajijibu mwenyewe anajilaiki mwenyewe, mimi nahesabu watu kumi na moja wananichukia.

Kuripoti nako nilikuwa nakosea. Nilikuwa naripoti kila kitu kama matusi, na jibu linarudi upesi kwamba tumeangalia hatujaona kosa. Tukabadilisha. Picha ya mtoto tukairipoti kama picha ya mtoto mdogo iliyotumika bila ruhusa ya mzazi na mzazi ni mimi. Taarifa zetu tukaziripoti kama kusambaza taarifa binafsi. Zile akaunti 11 tukaziripoti kwa pamoja kama mtu mmoja mwenye akaunti feki, na linki zote tukaambatanisha. Ndani ya siku chache nyingi zikaondoka. Na kwenye ukurasa wangu tukaweka chujio la maneno, tukakumbuka kuweka na "akiri". Wafuasi wangu nikawaomba kwa upendo wasinitetee kwenye komenti, maana kila anayenitetea anairudisha posti juu.

Sasa kipindi hicho usiku silali, nikawa nasoma sheria. Mwanzoni nataka wote wafungwe, nawaambia ukweli, hata yule wa tusi moja nilitaka alale ndani. Nikasoma habari ya Japani, kuna dada mcheza mieleka anaitwa Hana Kimura alijiua mwaka 2020 baada ya kushambuliwa sana mtandaoni, na mmoja wa waliomtukana aliishia kulipa faini ya yeni 9,000, pesa ndogo kabisa kwa kosa kama lile, watu wakakasirika na mwaka 2022 sheria ya kutukana ikaongezwa makali hadi mwaka mmoja jela au yeni 300,000. Nikasema hiyo ndio sheria, na kwetu sote iwe hivyo.

Lakini nikaendelea kusoma. Uganda, mwanaharakati Stella Nyanzi alifungwa miezi 18 mwaka 2019 kwa kosa la unyanyasaji wa mtandaoni, na kilichomfunga ni shairi la kumtukana Rais Museveni, mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kumwachia Februari 2020. Kosa lile lile ambalo mimi nilikuwa nalililia linilinde mimi na mtoto, likatumika kumlinda mtu mwenye jeshi. India walikuwa na kifungu cha 66A, miaka mitatu jela kwa ujumbe unaoudhi, Mahakama ya Juu ikakifuta 2015. Kenya kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano nacho kikafutwa 2016, na Uganda wenyewe kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta kikaja kufutwa Januari 2023. Ukiangalia zote shida ni hiyo hiyo, maneno kama "kuudhi" hayana mpaka, leo ameudhika mama wa mtoto, kesho ameudhika mkubwa fulani na anayekamatwa ni mwananchi aliyeuliza swali. Uingereza kuna kijana Paul Chambers alitania Twitter kwamba ataulipua uwanja wa ndege kwasababu ya theluji, akatiwa hatiani 2010, ikachukua mpaka 2012 kusafishwa.

Hapo nikalifungua tena daftari na nikaliona kwa jicho jingine. Bluu sio jinai. Inauma, inaumiza sana, lakini bluu ni ya kubloki na kuripoti, siitaki polisi. Nyeusi inaweza kuwa jinai pale mtu anaporudi kwa makusudi akijua anakuvunja, na New Zealand kwenye sheria yao ya 2015 naona wamekaa vizuri, hawaulizi tu kama neno ni baya, wanauliza kama aliyetuma alikusudia kudhuru, kama ujumbe wenyewe ungemdhuru mtu wa kawaida aliye katika hali yako, na kama kweli ulidhurika, vyote vitatu. Nyekundu ni jinai, na sijui mjadala uko wapi hapo, kumtishia mtu kwa mdomo ni kosa toka zamani hata kabla ya simu.

Na nyekundu ya sita ilikuwa hii. Akaunti moja iliandika jina la shule ya mwanangu, geti analotokea, saa anayotoka, halafu ikamalizia tumsubiri tumfundishe adabu sisi. Shoga yangu hakunionyesha kwanza, alimpigia mwalimu mkuu, mtoto akatolewa mapema kwa mlango mwingine, ndipo akaniambia.

Polisi mara ya kwanza nilienda peke yangu natetemeka, simu mkononi, naeleza yote kwa pamoja stika na matusi na shule. Askari akaniangalia akasema, dada yangu haya ni maneno ya mitandaoni tu, si uifute hiyo akaunti. Nikarudi nyumbani. Nilimuelewa baadaye kidogo, nilimpa mzigo wa vitu 140 akaona kelele, hakuona hatari, lakini bado nasema alinikosea, maana mtoto alikuwa ametajiwa geti.

Mara ya pili nikaenda na kaka yangu. Kurasa nyekundu peke yake, zimechapishwa, zimepangwa kwa tarehe, juu kabisa ile ya shule na barua ya mwalimu mkuu. Safari hii alikuwepo afande wa kike, akasoma zote kimya mpaka mwisho, akainua macho akaniuliza, mtoto yuko wapi sasa hivi? Nikaanza kulia pale pale kwasababu ndio swali nililolitaka toka siku ya kwanza.

Walimpata mwenye ile akaunti ya shule. Simjui, hanijui, mtu mzima ana kazi yake, sio yule wa "akiri". Akasema ilikuwa maneno tu, hakuna aliyekuwa anaenda kweli. Wataalamu wanaeleza vizuri hili, mwanasaikolojia John Suler aliandika 2004 jinsi watu wanavyolegeza breki wakiwa mtandaoni, huoni uso wa mtu, hajui wewe ni nani, na 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell wakaonyesha kwamba mtu wa kawaida kabisa anaweza kugeuka troli akiwa na hasira zake au akikuta wenzake wameshaanza kutukana. Naamini hayo. Ndio maana kuna dada mmoja wa bluu aliniandikia kuomba radhi, kwamba siku ile alikuwa na mambo yake na akakuta wote wanatukana, nikamsamehe na tumeyamaliza. Lakini huyu alitafuta jina la shule. Alitafuta saa. Hiyo sio breki kulegea, hiyo ni kazi aliikalia.

Ndugu zake walinipigia tuyamalize nje, tena kwa heshima, mama yake alinililia kwenye simu na nilimsikia uchungu wake kama mama. Nikamwambia mama, nimekusikia, ila hapana.

Kesi imetajwa mara mbili. Kurasa nyekundu zimechukuliwa kama vielelezo, bluu na nyeusi ziko kabatini. Tarehe ijayo ni siku ya shule, shoga yangu ndiye atakayemchukua mtoto, kwa ule mlango mwingine.