Nilivyopunguza mafuta katika damu ya binti yangu bila kumnyima mafuta mezani

Watu wasiopungua sita, baadhi yao wenye vyeti vya afya, waliniambia kwamba binti yangu alikuwa amenona kwa sababu anakula mafuta. Kwa kuwa kauli hiyo inaingia akilini kwa urahisi, niliifuata kwa miezi minne mizima, na hadi leo hasira hunipanda nikiikumbuka miezi hiyo.

Alikuwa ametimiza miaka 8, ana kilo 34 na urefu wa sentimita 128. Kipimo chake cha kwanza cha damu kilionyesha trigliseridi, yaani yale mafuta yanayosafirishwa ndani ya damu, za miligramu 168 kwa desilita, ilhali kwa mtoto wa chini ya miaka 10 kiwango cha 100 na kuendelea tayari huhesabiwa kuwa cha juu. Sikulala usiku ule. Hakuna aliyekuwa ameniuliza mtoto alikula nini asubuhi, nami sikujua kuwa swali hilo lina uzito: alikuwa amekula mayai ya kukaanga na kunywa maziwa saa tatu kabla ya kutolewa damu, na mafuta ya mlo huendelea kuingia kwenye damu kwa saa kadhaa. Tuliporudia kipimo akiwa amefunga usiku kucha kwa maji matupu, tulipata 112. Bado ilikuwa juu, lakini si ile iliyonitia hofu ya kumpoteza mtoto. Mzazi anayepeleka mtoto kupimwa na ahakikishe kwamba saa ya mlo wa mwisho imeandikwa kwenye karatasi ya majibu.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Niliondoa nyumbani maziwa yenye mafuta, kiini cha yai, karanga na kila kitu kilichong'aa kwenye sahani. Mtoto akawa na njaa saa zote, na njaa ile niliituliza kwa mkate mweupe, juisi, na mtindi ulioandikwa kwamba hauna mafuta, ambao niliununua kwa fahari bila kusoma kiasi cha sukari kilichotiwa humo ili uwe na ladha. Nilikuwa mkali kwelikweli, hata mwenzangu alikatazwa kupika kwa kijiko zaidi ya kimoja cha mafuta. Miezi minne ilipokwisha, binti yangu alikuwa ameongezeka kilo 2, na damu yake, safari hii akiwa amefunga ipasavyo, ilisoma 141.

Daktari wa watoto tuliyempata baadaye ndiye aliyenieleza kilichokuwa kikitendeka. Ini likipokea sukari na wanga kupita mahitaji ya mwili, huigeuza ziada hiyo kuwa asidi za mafuta, yaani vijenzi vya mafuta, na kuzimwaga katika damu kama trigliseridi, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na damu yenye mafuta mengi bila kula mafuta mengi. Aliagiza kipimo cha asidi za mafuta zenyewe, ambacho si kila maabara hukifanya na ambacho kilitugharimu kuliko vyote vya nyuma. Humo asidi ya palmitoleiki, ambayo hupanda ini linapotengeneza mafuta kutokana na sukari, ilikuwa juu, huku omega 3, aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki, zikiwa chache. Nilikuwa nimemnyima mwanangu mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea, nikamzidishia yale ambayo mwili hujitengenezea wenyewe.

Tulirudisha mayai, karanga na maziwa, na samaki wenye mafuta wakaingia mezani mara mbili kwa wiki. Juisi niliipunguza kwa kuongeza maji kidogo kidogo kila wiki hadi akazoea maji matupu, na hakulalamika hata mara moja. Kuhusu michezo na usingizi sina mengi ya kusema, kwani ni saa moja ya kukimbia kila siku na kulala mapema.

Ninachojivunia zaidi ni uzi. Mizani niliificha, kwa sababu mtoto anayerefuka huongezeka uzito hata anapoendelea vizuri, na sikutaka ajione mwenye hatia kwa kukua. Badala yake nilikata uzi wenye urefu sawa na wake kutoka kisigino hadi utosini, nikaukunja katikati, kisha nikauzungusha kiunoni pake, maana kiuno cha mtoto hakitakiwi kufikia nusu ya urefu wake. Siku ya kwanza ncha zilishindwa kukutana kwa upana wa vidole viwili. Kila mwezi tulikata uzi mpya, ambao daima ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia, na yeye akaufanya mchezo wa kuona amerefuka kiasi gani, wakati mimi nilikuwa natazama ncha tu. Kwa miezi mitatu hazikusogea, nikakaribia kukata tamaa. Mwezi wa nne zikawa zimebakiza kidole kimoja, na mwezi wa saba zikagusana.

Kipimo cha asidi za mafuta tulikirudia baada ya miezi minne na si mapema zaidi, kwa sababu hupimwa katika chembe nyekundu za damu ambazo huishi takriban siku 120, na kabla ya hapo mtu husoma kwa sehemu kubwa mlo wa zamani. Omega 3 zilikuwa zimepanda na palmitoleiki imeshuka. Leo, miezi 11 tangu turudishe mafuta, ana sentimita 136 na kilo 37, trigliseridi zake ni 71, na juzi ncha za uzi zilipishana kwa kidole kizima.