Herufi sita kwenye mfuo mwembamba

Wiki hii nimeshinda kwenye hadubini, nikiangalia vimelea vya nagana, yaani trypanosoma, vilivyopakwa rangi ya DAPI. Ukiwasha mwanga wa urujuanimno, kila kimelea kinaonyesha nukta mbili za buluu. Kubwa ni kiini cha seli. Ndogo iko kando, na ndiyo inayong'aa zaidi. Hiyo ni kinetoplasti: maelfu ya vipete vya DNA vilivyofungamana, vimejaa herufi A na T kati ya herufi nne za DNA (A hukabiliana na T, G na C), na DAPI hupenda kukaa palipo na A na T.

DAPI haikuanza kama rangi ya maabara. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1971, katika maabara ya Otto Dann, kwenye msako wa dawa za kutibu magonjwa ya trypanosoma. Ina ndugu wa karibu ambaye wafugaji wa kwetu wanamfahamu vizuri: ule unga wa njano wa Berenil unaoyeyushwa kwenye maji na kudungwa ng'ombe aliyeumwa na mbung'o. Nimekua nikiiona dawa hiyo zizini, na leo ndiyo naijua kwa ndani. Nayo hukaa pale pale, kwenye mfuo mwembamba wa DNA, palipo na A na T.

DNA imejisokota, na msokoto wake unaacha mifuo miwili, mpana na mwembamba. Molekuli ndogo ikiteleza ndani ya mfuo mwembamba hugusa kingo za herufi bila kuzifungua, kama kidole kinachopapasa shanga bila kukata uzi. Kwenye A na T sakafu ya mfuo ni laini. Palipo na G pana kundi la amino lililochomoza, na molekuli za aina ya Berenil hugonga hapo zikashindwa kukaa. Kwa hiyo kitu kimoja kidogo, naitrojeni yenye haidrojeni mbili, ndicho kinachotofautisha mahali na mahali.

Kazi ya mkemia Peter Dervan na wenzake pale chuo cha Caltech, Pasadena, ya kubuni molekuli ndogo zinazosoma herufi za DNA, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Walianzia kwenye distamaisini, kiuavijasumu kutoka kwa bakteria wa udongoni, ambacho ni vipete vitatu vya piroli vilivyoungana. Wataalamu walikuwa wamependekeza kwamba ukibadilisha piroli ukaweka imidazoli, kipete kinachofanana nayo ila chenye naitrojeni ya ziada, naitrojeni hiyo itaipokea ile amino ya G badala ya kugongana nayo. Wazo zuri, lakini usomaji haukutoka safi. Kisha mwaka 1989 watafiti Pelton na Wemmer, huko Berkeley, wakaonyesha jambo ambalo halikutarajiwa: distamaisini mbili zinaweza kulala ubavu kwa ubavu ndani ya mfuo mmoja, kila moja ikielekea upande wake. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Kila jozi ya herufi sasa ingesomwa na jozi ya vipete. Imidazoli ikikabiliana na piroli inasoma G yenye C mbele yake. Ukizigeuza, unasoma C yenye G. Piroli kwa piroli ni A na T, bila kujali ipi iko upande upi. Mwaka 1998 kundi la Dervan likaongeza piroli yenye haidroksili ili hata T itofautishwe na A.

Kabla ya hapo walikuwa wameunganisha safu mbili hizo za vipete kwa kona ya asidi ya gama-aminobutiriki, na mwaka 1996 molekuli ya vipete vinane ikashika herufi sita kwa nguvu inayolingana na ya protini za asili. Mimi lakini sivutiwi sana na nguvu. Gundi nayo ina nguvu. Kinachonishika ni kwamba molekuli ile ile, ukibadilisha herufi moja tu ya DNA, inalegea. Kazi kubwa zaidi ya anayebuni kitu cha kusoma DNA ni kukifundisha kukataa, na kukataa huko kunajengwa kwa atomu moja moja.

Mipaka ipo. Vipete havilingani sawasawa na hatua ya msokoto. Baada ya vitano hivi mstari unaanza kupishana na herufi, ndiyo maana huchomekwa beta-alanini, kiungo kinachopinda kirahisi, ili ulegee. Na herufi sita ni chache. Jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina jozi bilioni tatu hivi, na kwa wastani neno la herufi sita linajirudia humo mara laki saba na zaidi. Ili upate mahali pamoja tu unahitaji kama herufi 16.

Isipokuwa ugonjwa wenyewe uwe marudio. Katika ataksia ya Friedreich, ugonjwa wa neva wa kurithi, herufi GAA zinajirudia mamia ya mara na kuizima jeni ya fratakisini. Mwaka 2017 kundi la mtafiti Aseem Ansari lilitengeneza poliamidi (ndiyo jina la molekuli hizi za vipete) inayosoma GAA, likaifunga na molekuli nyingine inayoita mitambo ya seli ya kusoma jeni, na jeni hiyo ikaamka katika seli za wagonjwa. Hapa wingi wa marudio umekuwa msaada.

Vimelea vyetu navyo vina marudio. Karibu kila kipete kidogo cha kinetoplasti kina mfuatano huu: GGGGTTGGTGTA, ambapo kujinakili kwa kipete huanzia. Berenil haiwezi kuusoma, una G nyingi mno. Jioni hii nimechukua karatasi nikaanza na kipande cha TGGTGT. Upande mmoja imidazoli, imidazoli, piroli, imidazoli. Upande wa pili piroli nne. Kona inakalia T ya mwisho, mkia wa molekuli T ya kwanza. Vipete vinane, herufi sita. Zile G nne za mwanzo nimeziacha, maana imidazoli nyingi mfululizo huwa hazishiki vizuri.

Msimamizi wangu ataniuliza kwanza itaingiaje ndani ya kimelea, na ana haki. Katika Trypanosoma brucei, mojawapo ya vimelea hivi, Berenil huingia hasa kupitia kisafirishi cha P2, protini inayopitisha vitu kwenye utando wa seli, kwa sababu ya makundi yake ya amidini, yenye naitrojeni, na vimelea vinavyopoteza kisafirishi hicho huwa sugu. Poliamidi ni kubwa zaidi, sitarajii ipite mlango huo kirahisi. Hata hivyo netropsini, ndugu wa distamaisini, ina mkia wa amidini. Nimeuchora mkia huo pembeni ya karatasi, na kesho nampelekea.