Themostati waliyoitupa mafundi ndiyo iliyokuwa dawa ya Carina yangu

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa sifiki Kalinzi bila kusimama njiani. Natoka nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, salama, Mwandiga napita salama, lakini nikishaianza milima ya barabara ya Manyovu, mshale wa joto nao unaanza kupanda. Nasimama pembeni, nafungua boneti, nangoja nusu saa na dumu la maji mkononi. Mama yangu anaishi Kalinzi, na kila mwezi namshusha mjini kwenye kliniki ya presha. Mwanamke wa umri wake kukaa juani kando ya barabara akisubiri gari lipoe, mara ya kwanza unaomba radhi, mara ya nne unashindwa kumtazama usoni.

Gari lenyewe ni Toyota Carina Ti, injini ya 5A, gia otomatiki. Nilipolinunua lilikuwa linachemsha mara mojamoja tu. Nikalipeleka kwa fundi, naye bila hata kuuliza maswali akafungua mdomo wa mpira wa chini wa rejeta, kile kipoozeo cha maji cha mbele ya gari, akachomoa themostati, yaani kilango kinachojifungua chenyewe maji ya injini yakipata moto, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Akaniambia, "Kaka, hii ni ya Ulaya kwenye barafu. Huku kwetu joto, haina kazi." Nikamshukuru na kumlipa. Fundi wa pili aliunga feni dairekti, ikawa inazunguka kuanzia naweka swichi mpaka nazima. Wa tatu akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imekufa, hedi ishushwe ikasagwe uso, niandae laki tatu na nusu na ushee. Hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Wote watatu walikuwa wanabahatisha kwa pesa yangu.

Hili la "nchi ya joto" ndilo linaloniudhi zaidi, maana nalisikia kila gereji. Hapa Kigoma jua likikaza sana ni nyuzi 30 hivi. Maji ya injini ile yanatakiwa yawe nyuzi 80 na zaidi ndipo ifanye kazi sawasawa. Kati ya joto letu na joto linalotakiwa kuna nyuzi 50 zinazopungua, na hizo haziletwi na jua, zinaletwa na themostati kwa kuyazuia maji yasikimbilie kwenye rejeta kabla hayajapata moto.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalijui, na hapo ndipo nilipotegua kitendawili changu. Kwenye injini hizi za Toyota themostati inakaa upande maji yanakoingilia, kwenye mpira wa chini, na ina vali mbili. Ile kubwa ikifunguka kuruhusu maji ya rejeta, kile kisahani kidogo cha nyuma kinaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kurudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Kwenye tambarare huoni shida, tena mshale unalala chini kabisa. Lakini panda mlima taratibu, gia ya pili, injini inaunguruma na upepo hakuna: sehemu ya maji yanayochemka inajizungukia ndani bila kupoozwa. Toyota wenyewe wameonya kwenye vitabu vyao vya matengenezo kwamba themostati isitolewe hata kama injini inaelekea kuchemsha, kwa sababu uwezo wa kupooza unashuka. Nilipousoma mstari ule niliurudia mara tatu, halafu nikaenda uani nikaliangalia gari langu kwa macho mengine.

Nikakumbuka pia mambo ambayo sikuwa nimeyaunganisha. Asubuhi nikitoka nyumbani gia ya mwisho ilikuwa inachelewa kuingia. Petroli ilikuwa inaisha ovyo, kilomita 9 kwa lita, siku nyingine hazifiki. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza umewasha, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Miaka miwili nimelipia hiyo.

Kabla ya kununua chochote nilitaka kwanza nijue kama gasketi ya hedi ni nzima, maana kama imekufa kweli, kazi nyingine yote ni bure. Nilikwenda duka la dawa nikanunua glovu moja ya mpira. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (narudia, baridi kabisa, kofia ya rejeta ya moto imewaunguza watu wengi nyuso) nikafungua kofia, nikajaza maji mpaka mdomoni, nikavalisha glovu kwenye shingo ya rejeta na kuifunga kwa mpira wa pesa. Nikawasha. Gasketi ikiwa imetoboka, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na glovu inasimama vidole vyote na kuanza kutikisika kwa mapigo ya injini. Yangu ilibaki imelala. Nilikaa nayo dakika nzima, nikapiga resi kidogo, bado imelala. Oili kwenye kijiti ilikuwa safi, haina rangi ya chai ya maziwa, na ekzosi haikuwa na moshi mweupe. Laki tatu na nusu zikabaki mfukoni kwa ajili ya glovu moja.

Kofia ya rejeta niliibadilisha siku hiyohiyo kwa sababu mpira wake ulikuwa umepasuka. Watu huidharau ile kofia. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari, ziwa lenyewe liko mita 770 na kitu, na huku maji hayasubiri nyuzi 100, yanachemka kwenye 97 hivi. Ukipanda Kalinzi yanachemka mapema zaidi. Kofia nzima inayaweka maji kwenye mgandamizo hata yavuke 110 bila kuchemka. Maji niliyoyamwaga yalikuwa mekundu kwa kutu, na ndani ya shingo ya rejeta kuna ukoko mweupe kama wa birika, maana kila niliposimama nilijaza maji ya bomba. Na yalikuwa na mashapo ya njano. Ni bizari! Dereva mmoja wa teksi aliwahi kunishauri niweke bizari kuziba tundu la rejeta, nikaweka vijiko viwili. Nilisuuza kwa mpira wa bustani mpaka yakatoka meupe, ilinichukua karibu asubuhi nzima.

Sasa themostati. Ya kwanza nilinunua mpya kwenye duka moja la spea, elfu kumi na kitu, iko kwenye boksi zuri. Nikaifunga jioni, nikajaza kulanti, yale maji maalumu ya kupoozea injini, nikaondoka kwa furaha kuelekea Ujiji. Sikufika. Mshale ulivuka nusu nikiwa bado katikati ya mji, ukaenda kama unaitwa. Nikazima, nikashika mipira: wa juu haushikiki kwa moto, wa chini wa baridi kama umetoka mtungini. Maana yake ni moja tu, mlango haujafunguka. Usiku ule karibu niamini kwamba mafundi walikuwa sahihi na mimi ndiye mjinga.

Asubuhi nikaitoa. Mke wangu ni mwalimu, akaniletea kipimajoto cha maabara kinachofika nyuzi 110. Nikawasha jiko la mkaa, nikabandika sufuria, nikaitundika themostati kwa uzi kwenye mwiko uliolala juu ya sufuria ili isiguse chini, kwa sababu chini ya sufuria kuna moto kuliko maji yenyewe na itakudanganya. Themostati imegongwa namba 82. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Tukakaa mimi na binti yangu, yeye anasoma nyuzi, mimi nimeshika rula. Themanini na mbili, kimya. Tisini, kimya. Maji yakachemka, yakatokota, na ile takataka ikainuka milimita 2 hivi, ikaishia hapo. Ilikuwa mpya, kwenye boksi zuri, na ni mbovu. Mimi nilikuwa nimeifunga kwenye gari bila kuipima, sawa na wale ninaowalaumu.

Basi ikabidi nirudi kununua nyingine, lakini safari hii sikutaka kununua boksi. Nilichemsha maji, nikayamimina kwenye hotpoti kubwa ya wali, nikaifunga kwa khanga mbili, nikabeba kipimajoto na kijiko. Nikaenda duka jingine linalouza spea zilizotumika za Japani. Nikamwamkia mzee mwenye duka, "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba, umeleta chakula?" Nikamweleza. Akacheka, kisha akasema, "Haya, tuone." Nikafungua hotpoti, maji yalikuwa nyuzi 90 bado. Akanitolea themostati tatu za saizi yangu. Ya kwanza ikazama, haikufanya kitu. Ya pili, kabla sijahesabu mpaka thelathini, ikaanza kufunua mdomo wake polepole mbele ya macho yetu, kile kisahani cha nyuma nacho kinasogea. Nikaitoa, nikaipuliza, ikafunga yenyewe. Ya tatu ikafunguka vilevile. Watu wakajaa kaunta, dereva mmoja wa Probox akaniomba nisimwage maji, akakimbia kuleta ya kwake. Nilinunua zote mbili nzima, elfu ishirini na kitu kwa pamoja, moja iko kwenye droo mpaka leo. Yule mzee ile mbovu aliitupa mwenyewe, na nasikia sasa birika halikosekani dukani kwake.

Feni nayo niliirudishia heshima yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile swichi ya feni imepangwa kinyume na watu wanavyodhani: ikiwa baridi inapitisha umeme na feni imelala, ikipata moto kama nyuzi 93 inakata na feni inaamka. Kwa hiyo ukichomoa soketi yake huku umeweka swichi ya gari, feni lazima izunguke. Ni kinga, waya ukikatika feni isilale ukaungua. Nilifuata waya wangu nikakuta umekatwa na kuzungushiwa selotepu, nikauunga, nikaichemsha swichi kwenye sufuria ileile na testa pembeni. Ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Kufunga kuna mambo mawili tu ya kuangalia. Themostati ina kitundu chenye kipini kinachochezacheza. Kipini kiwe juu, hapo ndipo hewa inapopitia. Na mpira wa duara unaoizunguka uwe mpya, usijaze silikoni. Kisha kutoa hewa, na hapa mimi nina bahati ya kukaa Mwanga kwenye mteremko. Nililigeuza gari likatazama mlima, rejeta ikawa ndiyo sehemu ya juu kabisa. Nikakata chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaigeuza mdomo chini kwenye shingo ya rejeta, nikaiziba pembeni kwa kitambaa, nikaijaza kulanti nusu. Hita ndani nikafungua mwisho. Nikawasha, nikaacha. Mapovu yalitoka kama ya soda kwa dakika kumi na kitu, makubwa kwa madogo, na kila yakitoka kulanti inashuka kwenye chupa. Ghafla mpira wa chini ukapata moto mkononi mwangu, themostati imefunguka. Dakika chache baadaye feni ikaamka yenyewe, ikazunguka, ikalala. Sijui kama niliwahi kufurahia mlio wa feni namna ile.

Jumamosi iliyofuata nilipanda Kalinzi, watu wanne ndani na gunia la mchele nyuma. Mshale ulifika chini kidogo ya nusu kabla sijatoka mjini, ukakaa hapo. Mlima wa kwanza, hapohapo. Ile kona niliyozoea kusimama niliipita nikiwa naiangalia zaidi ya barabara. Tangu siku hiyo ni miezi saba, kila mwezi nakwenda, na petroli sasa napata kilomita 12 kwa lita na kidogo.

Mama aliniona naingia uani saa nne asubuhi, akatoka akijifunga khanga. "Leo umelala njiani?" aliniuliza, maana hakuzoea kuniona mapema vile. Nikamwambia hapana mama, nimetoka nyumbani sasa hivi. Akazunguka mpaka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kidogo, halafu akaniambia niingize mchele.