Siku Tuliyopanda Ngazi za Sainte-Chapelle

Baba alikuwa karani katika ubalozi wetu mjini Paris. Likizo ikifika na nauli ikipatikana, mama alifunga mabegi tukaondoka Old Kampala kwenda kumtembelea. Kwetu ni Waislamu, na Kiswahili tulikipata kwa mama, mzaliwa wa Mombasa. Makanisa makubwa ya Namirembe na Rubaga niliyajua kwa kuyatazama ng'ambo, kila moja na kilima chake. Ndani sikuwahi kuingia.

Nilikuwa na miaka tisa baba alipotupeleka kisiwa cha Cité, katikati ya Mto Seine. Rasharasha ilikuwa ikinyesha, foleni haisogei, na Sainte-Chapelle yenyewe, kanisa dogo la kale, imezungukwa na majengo ya mahakama.

"Baba watoto," mama alisema huku akivuta koti, "umetutoa na baridi hii kuja kutuonyesha korti?"

"Vumilia kidogo tu," baba alijibu.

Tulianzia chini, kwenye ukumbi wa dari fupi ambamo zamani waliswali watumishi wa kasri. Kisha tukapanda ngazi nyembamba za kujizungusha, mimi mbele, mama nyuma yangu akinishika shati. Nilipotokeza juu nilisimama palepale, watu wakanipita. Kuta hazikuwapo! Palikuwa na nguzo za mawe, na kati yake vioo vya buluu na vyekundu vikipanda mita 15 hivi kwenda juu: madirisha 15, visa 1,113 kutoka Biblia na habari za masalia matakatifu. Mfalme Louis wa Tisa ndiye aliyejenga jumba hili ili kuhifadhi taji la miiba aliloamini kuwa ni la Nabii Isa, likazinduliwa mwaka 1248.

Halafu wingu likapasuka. Rangi zikashuka ghafla sakafuni, zikapanda juu ya watu, na mtandio mweupe wa mama ukawa mwekundu bega zima. Niliusugua kwa kidole nikidhani umechafuka. Mama akaweka kiganja kwenye mwanga, akakisogeza polepole hadi kikageuka buluu.

"Subhanallah," akasema. Baba alipotaka tuondoke, alikuwa mama yuleyule wa foleni aliyekataa.

Tangu siku ile sikuacha kuuliza vioo hivyo vinatengenezwaje. Nikajifunza kwamba mafundi wale waliyeyusha mchanga na majivu ya kuni, na rangi wakaitia humohumo katika uji wa moto: kobalti kwa buluu, shaba kwa nyekundu. Nyekundu ilikolea mno hata ikazuia mwanga, ndipo wakaitandaza kama utando juu ya kioo cheupe. Brashi ilitumika kwa michoro kama ya nyuso na mikunjo ya nguo tu, kwa wino mweusi uliochomwa tanurini, kisha vipande vikashikanishwa kwa madini ya risasi. Kwangu hapo ndipo uzuri wote ulipo, kwamba rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Baadaye niliiona buluu ya vioo vya kanisa kuu la Chartres, huko huko Ufaransa, ambayo wengi huisifu kuliko zote. Ni nzuri kweli, lakini Sainte-Chapelle ndiyo iliyonishika.

Msikiti mkuu wa Old Kampala ulipofunguliwa mwaka 2007, ukiwa na vioo vya rangi kutoka Italia, nilimpeleka mama. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja kutafuta mahali mwanga ulipoangukia.

Sasa kukata vioo ndiyo kazi yangu, na jambo ninalobishana nalo zaidi na wajenzi wa hapa ni jua. Paris jua huinama, likaingia vizuri kwa dirisha la kusini. Kwetu ikweta, saa sita liko utosini, na dirisha la kusini au kaskazini hupata mwanga wa moja kwa moja kidogo sana. Kwa hiyo nawaomba, kabla msingi haujachimbwa, waniachie ukuta wa mashariki au wa magharibi.