Mlango usiofunga, Kadutu

Tulianza alfajiri kupima ardhi ya mteremko huu unaoweza kuteleza, kabla njia za Kadutu hazijajaa watu. Vijiti 24 vya chuma, kila mita 5 kimoja, kutoka mfereji wa juu hadi kwenye choo cha jirani wa chini. Vitabuni mstari huwa umenyooka. Hapa Bukavu unapita uani kwa watu, chini ya kamba za nguo, na kila ua unabisha hodi upya.

Mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, akaniuliza: "Mwanangu, munatafuta dhahabu?" Hapana, mama, tunatafuta maji. Vijiti viwili vinapeleka umeme mdogo ardhini, vingine viwili vinapima. Mfinyanzi uliolowa unaupitisha upesi, jiwe zima linaukataa. Akanyamaza kidogo, kisha akanipeleka jikoni. Mlango wake ameuranda mara tatu, na kila mvua zikirudi unakataa kufunga. Fremu imeshuka upande mmoja, vidole viwili hivi. Nikahesabu vijiti: tuko kati ya cha 13 na cha 14.

Usiku picha ya ardhi ya chini ilipotoka kwenye kompyuta, niliutafuta mlango ule kwanza. Chini yake, kuanzia mita 6, kuna ukanda wa mfinyanzi uliolowa, kisha basalti, jiwe la volkano. Basalti yetu ikioza huwa udongo mwekundu. Maji yanashuka, yanakwama juu ya jiwe zima, na hapo mlima unapata pa kutelezea.

Lakini mfinyanzi mkavu kiasi na mchanga uliolowa vinaweza kufanana kwenye picha ya umeme, kwa hiyo kesho yake tulirudi na nyundo na jiofoni, vifaa vya kusikia mtikisiko wa ardhi. Unagonga bamba la chuma, unapima mtikisiko unavyokimbia: polepole kwenye udongo legevu, mbio kwenye jiwe. Watoto tuliwaomba wasimame kabisa, maana jiofoni inasikia hata nyayo. Walisimama, wameziba midomo kwa mikono.

Vipimo havisemi mlima utashuka lini. Kule Funu, hapa hapa Bukavu, ardhi inatembea polepole na watu wamejenga juu yake. Kuwaambia "hameni" bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuwatesa tu. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: mfereji wa juu umepasuka karibu na kijiti cha kwanza, na maji yote ya mtaa yanaingia hapo. Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, tukauziba kwa saruji.

Kwenye ufa wa ukuta wa mama tulipigilia misumari miwili, mmoja kila upande. Kila Jumapili anapima, anaandika ukutani kwa kipande cha makala. Wiki ya kwanza: milimita 312. Ya pili: 312. Jana, baada ya mvua ya siku mbili: 313.