Presha ya boila ikishuka, tafuta maji yamekwenda wapi

Kila ikifika Novemba naanza kutumiwa picha za geji, ile saa ndogo inayoonyesha presha ya boila. Wanaozituma ni watu wetu hapa Leicester, Uingereza, wengi wamehamia karibuni, wanaishi nyumba za kupanga zenye boila la gesi lililotundikwa jikoni. Ujumbe ni ule ule: "Dada, boila limezima, rediata zote baridi." Nami nauliza kwanza: mshale umesimama kwenye ngapi?

Maboila haya hayahitaji tangi darini. Maji ya kupasha nyumba joto yamefungiwa humo humo, yanazunguka kutoka kwenye boila hadi kwenye rediata na kurudi, wala hayachanganyiki na yale tunayoogea. Mfumo ukiwa umepoa, mshale unatakiwa uwe kati ya baa 1 na 1.5 (baa ni kipimo cha presha). Rediata zikipata moto maji hutanuka, mshale ukapanda hata karibu na 2, na hapo hakuna ubaya. Ukishuka sana chini ya 1, maboila mengi hujizima yenyewe ili yasiwake bila maji ya kutosha. Na kwa kuwa boila hilo hilo ndilo linalopasha maji ya bafuni, mnakosa vyote viwili kwa mpigo. Kwangu wa kwanza kugundua huwa mama mkwe, maana ndiye anayeamka kutawadha alfajiri, na maji ya mfereji wa huku mwezi wa Januari yanauma mpaka kwenye mifupa. Mtu mzima wa umri wake hafai kuachwa hivyo mpaka fundi apatikane Jumatatu.

Kuongeza maji hakuhitaji kufungua kifuniko cha boila. Chini yake au karibu nalo kuna mpira mfupi uliosukwa kwa nyuzi za chuma, wenye vali ndogo kila upande, unaounganisha bomba la maji baridi na mabomba ya rediata. Mengine yana ufunguo wa plastiki badala yake. Kitabu chake kitakuonyesha. Zima boila, subiri lipoe. Fungua vali moja yote, kisha ya pili polepole, jicho kwenye geji. Utasikia maji yakipita. Mshale ukifika baa 1.2 hivi, funga zote mbili vizuri, kisha washa. Kama mpira ni wa kutoka, utoe. Ukiuacha na vali zikawa zinapitisha kidogo, maji yataingia usiku kucha, na presha ikifika baa 3 vali ya usalama itafunguka iyamwage nje. Umezidisha? Toa kidogo kwa ufunguo wa rediata, kinga kikombe, basi.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapogombana nao. Mfumo uliofungwa haunywi maji. Yakipungua, yametoka mahali. Ukitoa hewa kwenye rediata presha hushuka, kwa hiyo kuongeza baada ya hapo ni kawaida. Lakini ukiongeza kila wiki unaingiza maji mapya yenye oksijeni kwenye chuma, na dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa kwenye maji hayo inazidi kuzimuliwa. Chuma kinalika kwa ndani, kinageuka tope linalojaa chini ya rediata na kuharibu pampu. Nimeona maji yaliyotolewa kwenye rediata ya jirani yangu: meusi kama wino.

Kwa hiyo tafuta. Mimi huanza na tishu kavu, naipitisha chini ya vali ya kila rediata, hasa pale nati inapokaza bomba, huku nikitazama ukijani kwenye shaba au doa la kutu kwenye zulia. Uvujaji mdogo hukauka rediata ikiwa ya moto, hivyo kagua asubuhi kabla ya kuwasha. Tazama na dari ya chini kama ina unyevu. Halafu toka nje utafute bomba dogo la shaba lililotokeza ukutani karibu na boila, mdomo wake umegeuziwa ukuta. Ndilo vali ya usalama inalomwagia maji, na linatakiwa liwe kavu.

Letu lilikuwa linadondoka. Ndani hapakuwa na hata tone, ila nilikuwa nimeandika mwendo wa mshale kwenye karatasi niliyobandika mlangoni mwa kabati: asubuhi chini ya 1, jioni rediata zikiwaka unakimbilia 3. Kupanda na kuanguka namna hiyo mara nyingi ni hitilafu ya tangi dogo la mfumo wenyewe, linalopokea maji yanapotanuka. Ndani yake lina kiwambo cha mpira, upande mmoja hewa, upande wa pili maji, na hewa ndiyo inayoyapisha. Hewa ikiisha maji hayana pa kwenda; vali ya usalama inayamwaga, na boila likipoa mshale unaanguka. Fundi aliisoma ile karatasi akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Alitoa presha ya maji, akalijaza hewa kwa pampu kupitia vali kama ya tairi, akabadilisha na vali ya usalama, kwani ikishafunguka mara nyingi haizibi tena sawasawa.

Mpaka wetu sisi ni kifuniko cha boila. Kwa sheria ya Uingereza kazi ya gesi ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani rejesta rasmi ya mafundi wa gesi. Mwombe kadi, uigeuze nyuma usome kama anaruhusiwa kushika maboila. Na wapangaji, tafadhali, msitoe pesa mfukoni kabla ya kumwandikia mwenye nyumba. Hapa England sheria ya mwaka 1985 inamtaka yeye atengeneze mitambo ya joto na maji ya moto, na kanuni za usalama wa gesi zinamtaka kila mwaka alete fundi akague gesi, nawe upewe nakala ya cheti. Mwandikie, usipige simu tu, na uweke picha ya geji. Namjua mama aliyepitisha baridi na wanawe chumba kimoja, wamezunguka hita ya umeme, kwa kuogopa kuonekana msumbufu. Iliniuma sana, maana haki ilikuwa yake.

Ukisikia harufu ya gesi, geji iache. Usiguse swichi yoyote, fungua madirisha, toa watu nje, kisha piga 0800 111 999, saa yoyote.